Mbwa aking'olewa jino, uuguzi huanzia nyumbani

MBWA hasemi jino likimuuma. Hata likiwa limeoza hadi kwenye mzizi, bado atabweka langoni usiku na kumlaki mwenyewe jioni. Wengi hushtuka harufu ya mdomo inapozidi, na hata hapo husema: “Si ni mbwa tu, lazima anuke.”

Harufu hiyo si ya kawaida. Mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa ufizi, ambao huwapata mbwa wengi wanapofikia umri wa miaka mitatu hivi. Viini hujenga utando laini juu ya meno, na utando huo usiposuguliwa hugeuka ukoga mgumu wa rangi ya kahawia. Kisha viini hupenya chini ya ufizi na kuharibu mfupa unaoshikilia jino, nalo jino huanza kutikisika.

Mbwa mzima ana meno 42. Linalosumbua sana ni gego kubwa la juu, moja kila upande, analotumia kuvunjia mifupa. Gego hilo lina mizizi mitatu, na mizizi hiyo hukaribia jicho. Ndiyo maana mbwa mwenye jipu la jino huvimba chini ya jicho, na mwenyewe akadhani amedungwa na nyuki. Dalili nyingine ni kutafuna upande mmoja, kuangusha chakula, mate yenye damu na kukataa kuguswa uso.

Jihadhari na kichaa

Usikimbilie kutia mkono mdomoni. Mbwa anayetokwa na mate mengi, asiyeweza kumeza au aliyebadilika tabia ghafla huenda ana kichaa cha mbwa, hasa kama hajachanjwa. Mfungie mahali salama na umwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate hayo kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Siku ya upasuaji

Daktari atakuambia saa ya mwisho ya kumlisha. Kwa kawaida mbwa mzima hapewi chakula tangu usiku uliotangulia, kwa sababu akitapika akiwa amelazwa kwa dawa, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mwambie daktari kuhusu ugonjwa wowote na dawa zote anazotumia. Mbwa mzee hupimwa damu kwanza ili kujua hali ya ini na figo.

Mbwa hulazwa kabisa kwa dawa ya nusukaputi, na mpira huingizwa kwenye koo la hewa ili maji na uchafu visiingie mapafuni. Kumkwangua ukoga akiwa macho hung'arisha jino tu, na ugonjwa hubaki chini ya ufizi. Eksirei huonyesha mzizi ulioharibika. Jino lenye mizizi zaidi ya mmoja hukatwa vipande ndipo ling'olewe, kisha ufizi hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe.

Akirudi nyumbani

Jioni ya kwanza atayumba na kusinzia. Mlaze ndani, mahali pakavu penye joto, mbali na ngazi na watoto. Hata kama ndiye mlinzi wa boma, usimwache nje usiku huo. Mpe maji kidogo kidogo, na akiwa macho kabisa, chakula laini kidogo.

Kwa siku 10 hadi 14 mpe vyakula laini tu: uji mzito uliopoa, ugali uliolainishwa kwa mchuzi usio na chumvi wala kitunguu, au nyama iliyosagwa. Mifupa, vijiti na mchezo wa kuvutana kamba ni marufuku, kwani hukata nyuzi. Mjulishe msaidizi wa nyumbani na mlinzi wa lango pia, wasije wakamrushia mfupa kwa huruma.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kabati lako la dawa. Mwenye huruma humvunjia mbwa kidonge chake mwenyewe, akidhani maumivu ni maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake. Parasetamoli inaweza kudhuru ini na damu. Mpe dawa alizoandikiwa yeye tu, kwa kipimo kilichoandikwa, na kama ameandikiwa dawa ya kuua viini, aimalize hata akionekana amepona.

Mate yenye rangi ya damu kwa siku moja au mbili si jambo la kuogopesha. Mrudishe kwa daktari upesi ukiona damu isiyokoma, uso unaozidi kuvimba, usaha, kutapika mara kwa mara, chakula kikitokea puani, au akikataa kula siku ya pili. Hata akiwa mzima, mpeleke akaguliwe baada ya wiki mbili hivi.

Kuzuia kuliko kung'oa

Daktari akisema ufizi umepona, anza kumsugua meno kila siku kwa mswaki laini na dawa ya meno ya mbwa. Dawa yetu haimfai, kwa kuwa yeye humeza kila kitu, na nyingine zina sukari bandia ya zailitoli, ambayo ni sumu kwake. Anza kwa kidole kilichofungwa kitambaa, dakika moja tu, kisha umsifu. Mifupa migumu na mawe mwondolee, maana ndivyo vinavyopasua magego.

Leo jioni, mbwa wako akitulia, inua mdomo wake wa juu taratibu utazame. Ufizi mwekundu au ukoga wa kahawia ukionekana, usingoje jino litikisike.