Kujaza Bia Chupani kutoka katika Pipa la Gesi: Kanuni yake na Kifaa cha Kujitengenezea

Chupa ya soda iliyokaa juani ikifunguliwa ghafla, povu hububujika na kumwagika, na kinachobaki chupani huwa maji matamu yasiyo na ukali. Chupa ya soda hiyo hiyo iliyopozwa vizuri hufunguka kwa mlio mdogo tu, na kinywaji chake hutulia. Tofauti hiyo ndiyo inayomsumbua kila mtu anayehamisha bia kutoka katika pipa lenye gesi kuitia chupani. Na anayeielewa sababu yake amekwisha pata nusu ya dawa.

Utengenezaji wa bia nyumbani umeenea sana huko Marekani. Sheria iliyotiwa saini Oktoba 1978 iliwaruhusu watu wazima kutengeneza bia kwa matumizi yao, si kwa kuuza, bila kulipa kodi ya serikali kuu. Kiasi kilichoruhusiwa ni galoni 100 kwa mwaka katika nyumba yenye mtu mzima mmoja, na galoni 200, yaani lita 757, katika nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Uingereza ilikuwa imekwisha ondoa sharti la leseni mwaka 1963.

Wengi wa watengenezaji hao hutumia mapipa ya lita 19 ya chuma kisichoshika kutu, yaliyoundwa hapo kwanza kwa ajili ya soda. Wauzaji wa soda walipohamia mifuko ya plastiki iliyotiwa ndani ya maboksi, mapipa hayo yalipatikana kwa bei nafuu. Ndani yake bia hutiwa gesi, hutulia, na mashapo yake hubaki chini. Lakini pipa zima halichukuliki kwa urahisi kwenda kwa rafiki au kwenye mashindano. Hapo ndipo chupa zinapohitajika.

Kanuni ya gesi iliyoyeyuka

Gesi iliyomo katika bia ni kabonidayoksaidi. Mwaka 1803 mwanasayansi wa Uingereza, William Henry, alieleza kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hulingana na kanieneo ya gesi hiyo juu ya kimiminika, yaani nguvu inayosukuma kila sehemu ya eneo. Kanieneo ikiongezeka, gesi nyingi zaidi huyeyuka. Ikipungua, gesi hutoka.

Joto nalo lina athari yake. Chini ya kanieneo ya kawaida ya angahewa, lita moja ya maji yenye nyuzi 0 za Selsiasi huweza kuyeyusha takriban lita 1.7 za kabonidayoksaidi. Maji hayo yakifika nyuzi 20, huyeyusha lita 0.9 hivi tu.

Bia ya kawaida huwa na takriban gramu 5 za gesi hiyo katika kila lita. Ili kuizuia isitoke, bia yenye nyuzi 3 huhitaji kanieneo ya kiasi cha kilo 0.8 kwa sentimita ya mraba, juu ya ile ya angahewa. Bia hiyo hiyo ikiwa na nyuzi 20, huhitaji kiasi cha kilo 2. Kwa hiyo bia inayomiminwa katika chupa iliyo wazi na yenye joto hupatwa na mambo matatu kwa pamoja: kanieneo hushuka ghafla, joto hupanda, na msukosuko huzalisha viputo. Povu hutoka, gesi hupotea, na oksijeni ya hewa huingia. Oksijeni hiyo huiharibu ladha ya bia baada ya siku chache au majuma machache.

Viwanda huepuka hasara hiyo kwa kuijaza chupa gesi yenye kanieneo sawa na ile ya tangi kabla bia haijaanza kuingia. Kanuni hiyo yaweza kutumika nyumbani kwa vitu vichache.

Vifaa na utengenezaji

Vinahitajika: bilula ndogo ya plastiki ya kubonyeza kwa kidole gumba, mrija laini wa mita 2 wenye uwazi wa milimita 5, mrija mgumu unaoingia barabara katika mdomo wa bilula, na kizibo cha mpira kilicho chembamba chini na kinene juu, kinachoenea mdomo wa chupa. Vyote viwe vya namna inayofaa kwa chakula.

Mrija laini huunganishwa na tundu la pipa la kutolea bia, na bilula hufungwa mwisho wake. Urefu na wembamba wa mrija huu hupunguza kasi ya bia. Kizibo hutobolewa katikati kwa keekee, tundu likiwa dogo kidogo kuliko mrija mgumu ili mpira uubane. Mrija mgumu hukatwa upande wa chini kwa mshazari, ili usizibe ukigusa kitako cha chupa. Kisha hupitishwa katika kizibo na kuchomekwa kwenye bilula.

Namna ya kujaza

Pipa, chupa na kifaa husafishwa, huuliwa vijidudu, kisha hupozwa. Gesi iliyo juu ya bia hupunguzwa, na kidhibiti cha gesi, ambacho mafundi hukiita regyuleta, huwekwa kwenye kilo 0.2 hadi 0.3 kwa sentimita ya mraba. Kwa kuwa bia ni baridi na kazi ni ya muda mfupi, gesi iliyoyeyuka haiwahi kutoka kwa wingi.

Kwanza mrija wa gesi huteremshwa chupani kwa sekunde chache ili kuifukuza hewa. Kisha mrija mgumu huingizwa mpaka chini, kizibo hukandamizwa mdomoni, na bilula hufunguliwa. Bia huingia na kuibana gesi iliyomo, mpaka kanieneo ya chupa inapokaribia ile ya pipa. Hapo bia husimama yenyewe. Mjazaji hukilegeza kizibo kidogo upande mmoja, gesi hutoka polepole, na bia huendelea kupanda kwa utulivu. Mrija ukiondolewa, huacha nafasi inayofaa juu ya bia. Povu linalofika mdomoni lisifutwe: limejaa kabonidayoksaidi, na kifuniko cha bati kikibanwa juu yake, oksijeni kidogo tu hubaki ndani.

Hadhari

Mtungi wa kabonidayoksaidi huwa na kanieneo ya karibu kilo 60 kwa sentimita ya mraba katika joto la kawaida. Usiunganishwe kamwe na pipa wala chupa bila kidhibiti. Chupa ziwe zile nene za bia, zisizo na ufa. Chupa nyembamba za mvinyo zaweza kupasuka. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima. Chumba nacho kiwe na madirisha wazi, kwa maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, na yaweza kuua.

Aidha, bia iwe imekwisha chachuka kabisa. Gramu 4 tu za sukari zilizosalia katika lita, zikiliwa na hamira ndani ya chupa iliyofungwa, huzalisha karibu gramu 2 za gesi ya ziada. Kwa hiyo uzito wa bia hupimwa kwa haidromita kwa siku tatu mfululizo. Usipobadilika, kazi ya hamira imekwisha.

Anayeanza na ajaribu kwanza kwa maji yaliyotiwa gesi. Chupa moja ijazwe kwa kifaa, nyingine imiminiwe ikiwa wazi, zote zifunikwe na kuwekwa mahali pa baridi. Kesho yake zifunguliwe na kumiminwa katika bilauri mbili. Wingi wa viputo utaonyesha kama kizibo kimeziba sawasawa, kabla bia yenyewe haijahatarishwa.