Ukipokea Mzigo, Sema Ulichopokea

Kijitabu kwa wanunuzi wa mtandaoni wanaoagiza kutoka Tabora na mikoa ya magharibi

Mfugaji nyuki wa Sikonge au Urambo anayeuza asali kwa simu hana kibaraza cha duka wala mizani ya kumwonyesha mteja. Ana picha ya ndoo, bei, na namba ya kulipia. Mteja yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Tabora mjini. Hawajawahi kuonana, na huenda wasionane kamwe. Mmoja anaombwa atume pesa kabla ya kuona mzigo, au mwingine anaombwa atume mzigo kabla ya kuona pesa. Kinachoweza kuwapa wote wawili ujasiri ni neno la mtu aliyenunua kabla yao, na neno hilo mara nyingi halipo, kwa sababu aliyenunua alipokea, akatumia, akanyamaza.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yake. Tunamwomba aseme.

Soko la kuonja na soko la picha

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mjini Tabora msemo huo unasimama, maana mnunuzi wa asali anatumbukiza kijiti, anaonja, anaangalia inavyodondoka, anamuuliza mama wa meza ya pili. Kwenye simu asali nzuri na maji ya sukari vina picha ileile. Chema hakiwezi kujiuza mahali ambapo hakuna anayekionja mbele ya watu.

Hali ni ngumu zaidi kwenye minada ya makundi ya WhatsApp na Facebook. Muuzaji anaweka picha ya kitanda cha mninga au balo la mitumba, anataja bei ya kuanzia na saa ya kufunga, watu wanapandishiana bei, na aliyetaja kubwa anatumiwa namba ya malipo. Joto la kushindana linamfanya mtu asahau kuuliza maswali ambayo sokoni angeuliza kwanza. Tofautisha minada hiyo na mnada wa mazao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambako katika miaka ya karibuni ufuta na korosho vimekuwa vikinadiwa kwa mfumo wa kompyuta. Huko mazao yanakuwa yameshapokelewa ghalani, yamepimwa na kuwekwa daraja kabla mnunuzi hajataja bei. Katika mnada wa kitanda hakuna ghala wala mpimaji. Mpimaji ni wewe uliyekipokea, na kipimo chako kikibaki nyumbani kwako, anayenunua kesho anaanza gizani.

Wamarekani walikutana na jambo hili mapema. Pierre Omidyar alianzisha mnada wake wa mtandaoni mwaka 1995, ule uliokuja kuitwa eBay, na mwaka uliofuata akaongeza sehemu ya mnunuzi na muuzaji kuandikiana mrejesho hadharani. Watafiti waliochunguza mauzo ya mwaka 1999 katika mnada huo walikuta kwamba wanunuzi walioandika chochote ni kama nusu. Baadaye wakafanya jaribio: muuzaji mmoja mwenye mirejesho mingi mizuri alinadi kadi za zamani za posta kwa jina lake linalojulikana, kisha akanadi kadi za aina hiyohiyo kwa majina mapya yasiyo na historia. Jina linalojulikana lilipata bei ya juu kwa asilimia 8 hivi. Kwa mfugaji nyuki anayeuza ndoo kwa shilingi 150,000, asilimia hiyo ni shilingi 12,000 kwa kila ndoo, naye angeipata kwa sababu tu wateja wake walijisumbua kuandika mistari mitatu.

Yadi 3,000 za Ujiji

Biashara ya watu wasioonana si ngeni Tabora. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa njiapanda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na bidhaa zilizopita hapa mara nyingi zilikuwa za mkopo. Mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip alisafiri kwa mali ya matajiri wa Unguja, na Taria Topan alikuwa miongoni mwa waliomkopesha. Mkopeshaji alikaa pwani, mali ikaenda bara kwa miezi na hata miaka, na alichokuwa nacho mkononi ni sifa ya mkopaji. Biashara hiyo ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia binadamu waliotiwa utumwani. Hatuitaji hapa ili kuisifu.

Wapagazi wa Kinyamwezi nao walikuwa na mizani yao. Mkuu wa msafara aliyepunja posho au kuwatupa wagonjwa njiani aliwekewa mizigo chini, aligomewa, au aliamka alfajiri akakuta watu wametoroka. Habari zake zilimtangulia kwenye kambi, na safari iliyofuata alihangaika kupata watu. Kwa mtu asiyejua kusoma wala kuandika, huo ulikuwa mrejesho kamili.

Kisa kimoja cha njia hiyo kinafaa kukumbukwa na kila anayepokea mzigo. Oktoba 1871 mmisionari na mpelelezi David Livingstone alifika Ujiji akiwa hoi, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka Unguja na John Kirk, kaimu balozi wa Uingereza. Msimamizi wa msafara, aliyeitwa Sherif, alikuwa ameshaziuza zote. Livingstone aliandika kwamba katika yadi 3,000 za kitambaa hakuachiwa hata yadi moja, wala uzi mmoja wa shanga katika ratili 700. Baada ya mwandishi wa habari Henry Stanley kumkuta huko Ujiji, walirudi pamoja hadi Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ambako nyumba waliyokaa mwaka 1872 imefanywa makumbusho. Barua za lawama ambazo Livingstone aliandika kutoka bara zilimwangukia Kirk kwa uzito mkubwa, yeye aliyetuma mzigo lakini hakuwepo Ujiji ulipouzwa.

Hasira ya Livingstone ilikuwa ya haki. Anwani ya lawama ndiyo yenye mjadala, na kosa la namna hiyo tunaliona kila wiki katika maoni ya wanunuzi. Ndoo imepasuka ikiwa ndani ya basi, mnunuzi anamwandika muuzaji kuwa tapeli. Mzigo umelala siku nne ofisi ya mizigo kwa sababu namba ya mpokeaji ilikosewa na mpokeaji mwenyewe, muuzaji anapewa nyota moja. Kabla ya kuandika, fuata mzigo hatua kwa hatua: nani aliufunga, nani aliusafirisha, nani aliupokea, na kasoro ilitokea mkononi mwa nani. Picha ya risiti ya mzigo na tarehe yake itakusaidia.

Kwa nini tunanyamaza

Wengi hunyamaza kwa sababu mambo yalikwenda vizuri. Asali ni tamu, ndoo haikuvuja, basi, yameisha. Ukimya huu ndio unaotuumiza zaidi, maana aliyeridhika hasemi na aliyekasirika anapiga kelele, na mgeni anayesoma anadhani Tabora nzima ni ya matapeli. Muuzaji mwaminifu aliyehudumia wateja kwa mwaka mzima anabaki na lalamiko moja ukutani kwake.

Wengine hunyamaza kwa kumsitiri mwenzao. Tumelelewa tusimwanike mtu, na malezi hayo ni mema. Lakini aibu ya mtu na kasoro ya bidhaa ni vitu viwili. Kuandika kwamba kitanda kilichotangazwa kuwa cha mninga kimewekwa mbao nyingine chini ya godoro hakumvunjii mtu heshima ya nyumba yake. Kunaokoa pesa ya kijana anayejiandaa kuoa, ambaye naye angeshindania kitanda kama hicho wiki ijayo.

Wapo pia wanaoogopa kulipiziwa. Hofu hii ina msingi. Hata kwenye eBay, kwa miaka mingi wauzaji walijibu maoni mabaya kwa kumwandika mnunuzi vibaya, mpaka mwaka 2008 kampuni ikawazuia kufanya hivyo. Kinga yako ni maneno yaliyopimwa na ushahidi uliotunzwa.

Andika ulichokipima

"Asali nzuri sana, Mungu akubariki" ni dua njema, na muuzaji ataifurahia. Mnunuzi anayefuata hawezi kuifanyia kazi. Anachotaka kujua ni uzito, siku, ufungaji, na muuzaji alifanya nini kulipotokea tatizo.

Chukua ndoo ya asali. Lita moja ya asali halisi ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa inakaribia kilo 28, ukiondoa uzito wa ndoo yenyewe. Ukipokea, ipeleke kwenye mizani ya duka la nafaka mtaani kwako. Ikija kilo 24, ama haikujaa ama imechanganywa na kitu chepesi zaidi, na namba hiyo ina maana kubwa kuliko nyota zote. Angalia pia kama uliuziwa kwa kilo au kwa lita, maana "kilo ishirini" na "lita ishirini" za asali zinaachana kwa kilo nane, na ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Kuna kosa moja la wanunuzi ambalo limewaumiza wafugaji nyuki wengi. Asali ikiganda, watu huandika "feki, imejaa sukari." Kuganda ni tabia ya asali halisi, glukosi iliyomo ndani yake hujitenga na kuwa chembechembe, hasa kipindi cha baridi. Weka chombo kwenye maji ya uvuguvugu, yasichemke, nayo itayeyuka. Rangi nayo hutofautiana kwa maua na msimu. Kabla hujamwandika mtu kuwa mwongo, muulize.

Mrejesho mzuri unaweza kuwa hivi:

"Niliagiza ndoo ya lita 20 ya asali ya nyuki wakubwa. Nililipa Jumatatu, ilifika Alhamisi. Imepimwa kilo 28 bila ndoo. Mfuniko ulilegea, imevuja kama nusu kikombe. Nilimtumia muuzaji picha, akajibu siku hiyohiyo na akanirudishia nauli ya mzigo."

Humo mna sifa na kasoro, na hakuna tusi. Muuzaji akisoma atajua la kurekebisha: mfuniko.

Uandike lini na wapi

Kwa vitu vinavyoharibika au kuvuja, andika siku unayopokea, na piga picha kabla ya kufungua. Kwa samani, subiri. Mbao iliyotengenezwa ikiwa mbichi hupinda na kupasuka baada ya miezi, ikikutana na kiangazi. Andika maneno machache siku ya kwanza juu ya usafirishaji, kisha rudi baada ya msimu mmoja uongeze habari za mbao.

Kama kuna kasoro, mwambie muuzaji kwanza kwa ujumbe wa faragha na umpe siku mbili tatu za kujibu. Wengi wao wakiambiwa kwa adabu hurekebisha. Akirekebisha, andika kasoro na urekebishaji wake pia. Akikaa kimya, andika hivyo.

Kuhusu mahali, maoni yaliyotumwa kwenye simu ya muuzaji peke yake yanabaki mikononi mwake. Ataonyesha mazuri na kuficha mabaya. Picha za mazungumzo ya WhatsApp anazobandika mwenyewe zisikutoshe kama mnunuzi, kwa kuwa mtu anaweza kuzitengeneza kwa simu mbili. Andika kwenye sehemu ya maoni ya tovuti mliyokutania, au kwenye ramani ya Google kama ana duka. Kwenye kundi la mnada, andika palepale chini ya tangazo la mnada huo, ili wote waliopandishiana bei na wewe wasome mwisho wake.

Mipaka ya sheria

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha taarifa za uongo. Ndiyo sababu tunasisitiza kipimo, tarehe na picha: sema ulichokiona, usiseme unachokidhania. "Nililipa tarehe 3, hadi tarehe 20 sijapokea, simu haipokelewi" ni taarifa. "Ni mwizi, na ukoo wake wote wezi" ni kesi.

Usibandike kitambulisho cha muuzaji, picha ya watoto wake wala mahali anapoishi. Taarifa za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ukitapeliwa kabisa, mrejesho pekee hautoshi. Tuma namba iliyokutapeli kwenda 15040, toa taarifa polisi, na mjulishe mtoa huduma wa pesa uliyemtumia mapema iwezekanavyo, kabla pesa haijatolewa.

Kwa muuzaji

Omba mrejesho bila haya. Usiununue: ukiahidi punguzo kwa atakayesifu, utapata sifa zisizoaminika. Usifute lalamiko la kweli. Lijibu kwa upole na ueleze ulichofanya, maana mnunuzi mpya husoma jibu lako kwa makini kuliko lalamiko lenyewe.

Andika ombi lako kwenye karatasi na ulibandike juu ya mfuniko, pale ambapo mteja lazima apaguse ili afungue. Unaweza kutumia maneno haya: "Ndugu mteja, tafadhali pima ndoo hii kabla ya kuitumia. Andika uzito, siku uliyopokea na hali ya mfuniko chini ya tangazo letu. Kama kuna kasoro, nipigie kwanza. Nisipopokea hadi kesho jioni, iandike."