SOMO: MSAIDIZI NI NANI?

Masomo: Kutoka 17:8-13, 1 Samweli 14:1-15, 2 Wafalme 5:20-27



Kwenye barabara ya Butembo na Beni, lori likikwama mlimani, dereva haachi usukani. Msaidizi wake ndiye anayeruka chini kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Abiria hawajui jina lake, lakini asipoweka jiwe, lori litarudi nyuma pamoja na wote. Leo tujifunze kazi ya mtu wa namna hiyo katika nyumba ya Mungu.

1. MSAIDIZI HASHINDANI
Haruni na Huri waliishika mikono ya Musa mpaka jua likatua. Hawakumnyang'anya fimbo. Na yule kijana aliyechukua silaha za Yonathani, Biblia haitaji jina lake. Hata hivyo alipanda mwamba nyuma ya bwana wake, na adui wakashindwa.

2. MSAIDIZI ANAPIMWA ASIPOONEKANA
Gehazi alikaa karibu na nabii Elisha, akaona miujiza. Lakini alimkimbilia Naamani kwa siri, akadai fedha na mavazi kwa jina la bwana wake. Alichopata ni ukoma. Basi kukaa karibu na mtumishi wa Mungu hakutoshi. Kutumia jina lake kwa faida yetu ni wizi.

3. MFANO WETU: MAMA MWILU MARIE
Papa Simon Kimbangu alianza kazi Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikamatwa, akafungwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Nani alilitunza kundi? Ni mke wake, Mama Mwilu, mwenye watoto watatu wadogo, akichungwa na wakoloni. Aliwaongoza waumini kwa siri. Hakuanzisha kanisa lake mwenyewe; aliilinda kazi ya yule aliyetumwa. Alilala tarehe 27 Aprili 1959. Serikali ililitambua kanisa tarehe 24 Desemba mwaka huo. Siku hiyo hakuiona, lakini bila yeye nani angeifikia?

4. KWETU BENI
Tangu mwaka 2014 mauaji yametawanya watu wa vijiji vingi vya Beni. Mchungaji akikimbia au akiuawa, msaidizi asiseme, "Mimi si mkubwa." Akusanye waumini, awaombee wagonjwa, atunze sadaka na kuiandika. Na mchungaji akirudi, amrudishie funguo na daftari kwa moyo mweupe. Wengi wetu tunaweza kushika kazi; kuirudisha ndiko kunatushinda, na hapo ugomvi wa parokia huanza.

MASWALI YA KUJIULIZA
- Nani ananisaidia, na je, nimemshukuru?
- Nikiachiwa kazi ya mwingine, nitairudisha ikiwa nzima?

Bwana awape mikono isiyochoka. Amina.