Zijue Alama za Uso na Kinywa

Wewe unayekaa hapa Nyunzu unaijua njia ya kushuka mtoni Lukuga. Unajua mti mkubwa uko wapi na jiwe liko wapi. Mti ukianguka usiku, asubuhi unaona mara moja. Mgeni hupita tu, hajui kama kitu kimebadilika. Uso na kinywa ni vivyo hivyo. Wanafunzi wa uganga wa meno hufundishwa kwanza alama za mahali pazima, ndipo hufundishwa ugonjwa. Wewe nawe ujifunze zile zinazokufaa. Nawa mikono kwa sabuni, twaa kioo, keti penye mwanga.

1. Alama za nje

Chini ya pua kuna kijifereji kinachoshuka mpaka mdomo wa juu. Kila upande wa pua kuna mkunjo unaoshuka hata karibu na pembe ya mdomo. Ukicheka, unaonekana zaidi. Shavu likivimba, mkunjo wa upande ule hupungua au hupotea. Kwa hiyo linganisha daima upande wa kuume na upande wa kushoto. Kisha weka vidole mbele ya masikio, fungua na kufunga kinywa. Kile kinachotembea chini ya vidole ni kiungo cha taya.

2. Alama za ndani

Inua mdomo wa juu. Katikati utaona kiuzi cha nyama kinachoushika mdomo kwenye ufizi. Ufizi mzima umekaza, hautoki damu wenyewe, nao huingia katikati ya meno kwa ncha ndogo kama mkuki. Kwa watu wengi weusi ufizi una mabaka meusi tangu utoto. Hayo si ugonjwa.

Sasa hesabu meno. Mtoto ana meno 20 ya utoto. Mtu mzima aliyeota yote ana 32. Jino la tatu kutoka katikati, lenye ncha, ndilo chonge.

3. Alama zinazoogopwa bure

Ndani ya shavu, mbele ya gego la pili la juu, kuna kinundu kidogo. Si kidonda. Ni mlango wa mate. Nyuma ya meno mawili ya mbele ya juu kuna kinundu kingine. Mganga wa meno hukitumia kama alama anapopanga meno ya bandia. Nyuma kabisa ya ulimi kuna vinundu vikubwa vilivyojipanga. Navyo ni vya kila mtu.

Kimio, kile kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, husaidia kufunga njia ya pua tunapomeza. Watu wengine hukikata kwa sababu mtoto anakohoa. Vilevile katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki watu huona uvimbe mweupe katika ufizi wa mtoto mchanga, mahali pa chonge, wakati anapoharisha au ana homa. Husema ni jino baya au mdudu, wakauchimba kwa kisu au kwa chuma cha baiskeli. Ndugu, ule si mdudu. Ni chonge ya utoto ambayo bado haijatoka. Anayeichimba huleta damu nyingi, pepopunda na vidonda, na pengine huharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake. Na kuhara kunaendelea kumwua mtoto, kwa maana hakukutoka katika ufizi. Mpe maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji anayopoteza kwa kuhara, umpeleke hospitali.

4. Alama isiyotaka kungojea

Kuna ugonjwa mmoja uitwao noma. Hushika hasa watoto wa miaka 2 hata 6 waliodhoofika kwa njaa, au waliotoka kuugua surua au malaria. Mwaka 2019 surua ilienea katika majimbo yote 26 ya Kongo, kwa hiyo jambo hili linatuhusu sana. Noma haiambukizi, wala si uchawi.

Huanza pale pale ulipotazama: kwenye ufizi. Zile ncha katikati ya meno huliwa. Damu hutoka yenyewe, mate hutiririka, kinywa hunuka vibaya. Baada ya siku chache shavu huvimba, na mkunjo wa uso hupotea. Kisha doa jeusi huonekana, nalo shavu hutoboka. Pasipo dawa, watoto karibu 9 katika 10 hufa, na wanaopona hubaki na uso ulioharibika. Lakini ugonjwa ukionwa ungali kwenye ufizi, dawa za kuua vijidudu, kusafisha kinywa na chakula kizuri huponya, wala shavu halitobolewi. Tofauti ni siku chache tu. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu liliitia noma katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Usiisahau wewe.

5. Fanya hivi

Inua mdomo wa mtoto mara moja kila juma. Akiwa ametoka katika surua, mtazame kila siku. Msafishe meno. Pamoja na bukari mpe sombe, maharagwe, karanga na ndakala. Mpeleke apate chanjo ya surua. Ukiona ufizi umeliwa au unanuka, msukutulishe kwa maji safi ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, ukaondoke naye siku ile ile kwenda hospitali. Usingoje shavu livimbe.

Maswali

1. Kinundu kilicho ndani ya shavu ni cha kazi gani?
2. Kwa nini hatuchimbi ufizi wa mtoto mchanga?
3. Noma huanza wapi?
4. Leo umeinua mdomo wa mtoto wako?