Oili Sahihi ya Pikipiki: Soma Alama za Chupa Kabla ya Kununua

Katika kata nyingi, pikipiki ndiyo hubeba mgonjwa kwenda zahanati, mwanafunzi kwenda shule na mazao kwenda mnadani. Kwa dereva wa mkataba, siku ambayo pikipiki imelala kwa fundi ni siku ya kukosa hesabu. Hata hivyo, baadhi ya uharibifu huanzia dukani, pale mmiliki anaponunua oili kwa kuangalia bei pekee.

Oili moja, kazi tatu

Katika gari, injini na giaboksi huwa na oili tofauti. Pikipiki nyingi zenye gia na injini ya mipigo minne hutumia oili moja kulainisha injini, kulainisha gia na kupooza pleti za klachi, ambazo huzama ndani ya oili hiyo hiyo. Klachi hufanya kazi kwa kushikana. Oili yenye utelezi uliopita kiasi huinyima uwezo huo.

Baadhi ya oili za magari madogo zimetiwa viambato vya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Kinachoifaa injini ya gari chaweza kuidhuru klachi ya pikipiki. Dalili huonekana mlimani: injini inanguruma, lakini mwendo hauongezeki. Pleti hupata joto, huungua na kwisha kabla ya wakati. Kwa kuwa dalili hiyo yaweza pia kusababishwa na waya wa klachi uliokazwa mno au pleti zilizochakaa, fundi hana budi kukagua vyote.

Alama tatu za kusoma

Ya kwanza ni JASO, kiwango cha Japani kinachotenga oili za pikipiki. Pikipiki ambayo klachi yake imo ndani ya oili inahitaji alama ya MA au MA2. Alama ya MB ni ya oili yenye msuguano mdogo, inayofaa skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini.

Ya pili ni SAE, yaani uzito wa oili, kwa mfano 10W-30 au 20W-50. Namba iliyo kabla ya W huonyesha wepesi wa oili kutiririka wakati wa baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyotiririka kwa urahisi. Namba ya mwisho huonyesha uzito wake injini ikiwa ya moto. Uzito unaofaa ni ule ulioandikwa katika kitabu cha pikipiki husika.

Ya tatu ni API, yenye herufi mbili kama SJ au SL. Herufi ya pili ikiwa mbele zaidi katika alfabeti, kiwango ni kipya zaidi. Lakini upya huo hauchukui nafasi ya JASO. Chupa yenye maneno “Energy Conserving” au “Resource Conserving” isiyo na JASO MA haifai kwa klachi ya aina hii.

Skuta na injini za mipigo miwili

Skuta nyingi zina oili ya gia iliyo peke yake, nyuma karibu na gurudumu; hubadilishwa kwa ratiba yake. Injini za mipigo miwili hutumia oili inayochanganyika na petroli na kuungua nayo, yenye alama kama FC au FD. Oili hiyo isitiwe kamwe katika injini ya mipigo minne.

Kununua na kubadilisha

Wamiliki wanashauriwa kununua chupa yenye lakiri isiyovunjwa na kuomba risiti. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye dumu lililo wazi haina alama ya kusomwa, na mnunuzi hana namna ya kujua kilichomo. Kiwango cha oili kipimwe pikipiki ikiwa imesimama wima, na muda wa kubadilisha ufuate kitabu.

Oili chafu isimwagwe mtaroni, shambani wala karibu na kisima, kwani huharibu udongo na maji ya jamii nzima. Ihifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, mbali na watoto, na ikabidhiwe kwa wakusanyaji wanaotambuliwa. Ofisi ya kata iulizwe utaratibu uliopo.