Uniti za Umeme Nyumbani na Gharama Zake

Fizikia utaijibu kwa Kiingereza, lakini hesabu hii umekua nayo nyumbani. Kila unaponunua LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, unanunua uniti. Uniti moja ni kilowati-saa moja: nishati inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa 1. Kwa kuwa wati moja ni jouli moja kwa kila sekunde, uniti moja ni 1,000 × 3,600, sawa na jouli 3,600,000.

Zingatia neno hilo, kilowati-saa. Wengi husema na kuandika “kilowati kwa saa”, na hapo maana huharibika. Basi likitoka Bunju kwenda Bagamoyo kwa kilomita 60 kwa saa, “kwa” ina maana ya kugawanya. Katika uniti tunazidisha. Wati zinaeleza kifaa kinakula umeme kwa kasi gani. Uniti zinaeleza kimekula kiasi gani.

Uniti = (wati ÷ 1,000) × saa

Dakika zigeuze kuwa saa kabla ya kuzidisha. Dakika 30 ni saa 0.5, si 0.3.

Bei inavyokwenda

Hesabu hapa chini zinafuata bei za EWURA zilizoanza Aprili 2016. Kwenye mtihani, tumia bei uliyopewa katika swali. Kundi D1 ni la nyumba zenye matumizi madogo: uniti 75 za mwanzo katika mwezi ni shilingi 100 kila moja, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Kundi T1 ni la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti, kuanzia uniti ya kwanza.

Juu ya bei hizo huongezwa VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, jumla asilimia 22. Kwa hiyo zidisha kwa 1.22: shilingi 100 inakuwa 122, 350 inakuwa 427, na 292 inakuwa 356.24. (Kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, si bei ya umeme. Usiichanganye humu.)

Mfano: friza la barafu

Nyumba moja Dunda, Bagamoyo, iko kundi D1. Ina taa 5 za wati 9 zinazowaka saa 5 kwa siku, feni ya wati 60 saa 8, televisheni ya wati 80 saa 5, na pasi ya wati 1,000 inayotumika nusu saa, mara 12 kwa mwezi. Mama mwenye nyumba anataka kununua friza la wati 150 ili awauzie barafu wachuuzi wa samaki sokoni. Mota ya friza hujiwasha na kujizima. Tuseme kwa siku inafanya kazi saa 12. Friza litamwongezea gharama gani kwa mwezi wa siku 30?

Taa: 0.045 × 5 × 30 = 6.75
Feni: 0.06 × 8 × 30 = 14.40
Televisheni: 0.08 × 5 × 30 = 12.00
Pasi: 1 × 0.5 × 12 = 6.00
Jumla: uniti 39.15, sawa na 39.15 × 122 = shilingi 4,776.30

Friza: 0.15 × 12 × 30 = uniti 54.

Hapa ndipo mtahiniwa mwenye haraka huandika 54 × 122 = shilingi 6,588 na kufunga daftari. Amekosea. Nyumba sasa inatumia 39.15 + 54 = uniti 93.15, na mpaka wa bei nafuu ni 75.

75 × 122 = 9,150
18.15 × 427 = 7,750.05
Jumla: shilingi 16,900.05

Nyongeza ni 16,900.05 − 4,776.30 = shilingi 12,123.75, karibu mara mbili ya jibu la haraka.

Na hapo bado. Mteja anayeendelea kuvuka uniti 75 huhamishiwa T1, na huko taa na feni nazo hupanda bei: 93.15 × 356.24 = shilingi 33,183.76. Nyongeza iliyoletwa na friza sasa ni shilingi 28,407.46 kwa mwezi, kama 947 kwa siku. Akiuza pakiti ya barafu kwa shilingi 200, pakiti 5 za kwanza kila siku ni za umeme tu, kabla ya maji, mifuko na deni la friza. Biashara inaweza kulipa. Lakini aliyepiga hesabu ya 6,588 alidhani pakiti 2 zinatosha, na ataanza kushangaa uniti zinapoisha katikati ya mwezi.

Swali la kujipima

Nyumba ya kundi D1 hutumia uniti 60 kwa mwezi. Wameongeza birika la umeme la wati 2,000, linalotumika dakika 6, mara 3 kwa siku, siku 30. Tafuta gharama iliyoongezeka, pamoja na asilimia 22.

Jibu: shilingi 3,111. Ukipata 2,196, umesahau mpaka wa uniti 75. Ukipata zaidi ya 50,000, huenda uliacha dakika 6 zisomeke kama saa 6.