Ukipata Barua ya Chuo Kikuu, Ufanye Nini?

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, watu wa hapa Bukura huuliza swali moja tu: amepata nini? Akiwa na C+ kwenda juu, nyumba hujaa wageni, kuku huchinjwa, na mazungumzo huishia hapo. Hakuna anayeuliza huyu mtoto akifika huko atafanya nini siku ya kwanza, na mwezi wa tatu atakuwa anakula nini. Mimi niko Kidato cha Tatu, na chuo kikuu nakijua kwa lango tu, lile la Masinde Muliro, nikipita na matatu. Lakini likizo iliyopita niliwauliza waliotutangulia katika hii shule yetu ya kutwa, na majibu yao ndiyo ninayowaletea.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, maana chama chetu ni cha Kiswahili. Chuo kikuu hugawanywa katika vitivo, na kila kitivo kina idara zake. Idara ndiyo nyumbani kwako. Ukipotea, anza hapo. Mwalimu huitwa mhadhiri na somo analotoa ni mhadhara. Msajili ndiye mwenye orodha za majina na alama. Halafu kuna mkuu wa wanafunzi. Huyu si wa kuogopwa kama naibu wa mwalimu mkuu. Ukifiwa, ukiugua, ukikosa hata chakula, mlango wa kugonga ni wake. Wawili kati ya wale niliowauliza walisema hawakujua afisi yake iko wapi mpaka mwaka wa pili. Sasa hiyo ni hasara.

Jambo kubwa zaidi ni hili, na ninaomba mlisome pole pole: kuripoti chuoni na kujiandikisha masomo si kitu kimoja. Unaweza kulipa karo, ukapewa kitambulisho cha mwanafunzi na hata chumba, na bado usiwe umeandikishwa katika somo lolote. Kila muhula mwanafunzi mwenyewe huingia katika mtandao wa chuo na kuchagua masomo yake moja moja, kabla ya tarehe iliyowekwa. Mmoja wa waliotutangulia (simtaji, wala chuo chake sikitaji) alihudhuria mihadhara yote, akafanya majaribio yote, na siku ya mtihani jina lake halikuwa kwenye orodha. Alikuwa akingoja kuitwa, vile sisi hapa huitwa na mwalimu wa darasa. Masomo yale aliyarudia mwaka uliofuata huku wenzake wakisonga mbele. Mamake, aliyekuwa ameuza mtamba kwa sababu ya karo, akaanza tena kutafuta pesa za chumba. Kwa hivyo ukishajiandikisha, chapisha ile karatasi na uiweke pamoja na vyeti vyako.

Alama nazo zina hesabu yake. Katika masomo mengi, kazi za muhula na majaribio huwa na alama 30, na mtihani wa mwisho 70. Kupita ni 40, ingawa kuna masomo kama ya udaktari ambayo hudai 50. Basi ukiwa na 20 kati ya zile 30, umebakisha 20 tu kati ya 70 ili upite. Wengi hudharau majaribio wakidhani ni mchezo, kumbe ndiyo akiba. Na msishtuke mkisikia huko A huanza kwa 70. Hizo 70 hutafutwa kwa jasho.

Kuna pia ugonjwa wa alama kupotea. Mtu alifanya mtihani, lakini alama zake hazionekani popote, na asiyekamilisha alama hawezi kuhitimu. Dawa waliyonipa ni hii. Siku ya mtihani usitoke kabla ya kutia sahihi katika orodha ya waliofanya. Karatasi za majaribio ukirudishiwa, usizifungie njugu. Matokeo yakitoka yaangalie siku hiyo hiyo, na pakiwa na pengo nenda idarani na karatasi zako mkononi. Wako wanaongoja miaka minne, wakaja kuuliza zikiwa zimebaki wiki mbili mahafali yafanyike. Kufikia hapo mhadhiri mwenyewe huenda amehamia chuo kingine.

Kuhusu kusoma kwenyewe sitasema mengi. Huko hakuna kengele, na hakuna atakayekufuata ukikosa mhadhara. Hapa mimi naona sisi wa shule za kutwa tuna nafasi nzuri kuliko wenzetu wa bweni, hata kama watu hutudharau. Sisi tumezoea kuteka maji, kupika, kisha kusoma bila mtu wa kutusimamia. Wageni wengi huogopa kumuuliza mhadhiri, lakini wengi wao huwa na saa za kuwaona wanafunzi afisini, na kila mgeni hupewa mshauri wa masomo au anaweza kuuliza idarani ni nani. Maktabani, uliza mitihani ya miaka iliyopita.

Sasa pesa. Bodi ya mikopo, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na jina lake lasema wazi ni mikopo. Riba yake kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni 4% kwa mwaka. Tuseme umekopa shilingi 40,000 kila mwaka kwa miaka 4: hiyo ni 160,000, na riba ya mwaka mmoja juu yake ni 6,400. Sehemu ya karo hutumwa moja kwa moja chuoni, na ya matumizi hukufikia wewe. Wenzetu wa Tanzania huziita bumu, labda kwa vile zikifika huwa na kishindo! Lakini mara nyingi huchelewa, kwa hivyo nenda na chakula cha mwezi wa kwanza. Tangu mwaka 2023 serikali pia hugawanya wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia. Mpango huo ulipelekwa kortini, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakwenda kinyume na Katiba, kisha kukawa na rufaa. Basi usifuate ya kakako aliyeingia zamani, uliza ya mwaka wako.

Chumba kikikosekana ndani ya chuo, watu hupanga nje. Kwa Masinde Muliro ni Lurambi, Kefinco, Amalemba na kwingineko. Usitume pesa kwa simu kwa nyumba ambayo hujaiona. Uliza maji hutoka siku gani, na kama kodi hulipwa hata chuo kikifungwa. Swali hili la mwisho si la bure: mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma siku 49, na wenye nyumba hawakugoma. Wawili wakikaa pamoja na mtungi wa gesi wa kilo 6, gorogoro chache za mahindi kutoka nyumbani na omena, muhula unasukumika.

Mwisho ni vyeti, na hili halingoji matokeo. Majina katika cheti cha kuzaliwa, ya KCSE na ya kitambulisho yanatakiwa kufanana, herufi kwa herufi. Yakitofautiana utahangaishwa chuoni na kwenye mkopo pia. Aliyefiwa na mzazi atafute cheti cha kifo mapema, maana fomu za mkopo hukiuliza. Mimi changu cha kuzaliwa nimekitoa sandukuni nikakisoma: jina la baba limekosa herufi moja. Baba amesema Jumatatu nisiende shule, twende Kakamega likarekebishwe.